Ngeli za Babu: Utangulizi wa Sarufi ya Marehemu

Wataalamu wameziandika ngeli za nyumba, za ng'ombe, za maji na za mapenzi, lakini ngeli za babu wameziruka. Pengo hilo ndilo tunalokusudia kuliziba. Data yetu imetoka katika familia moja tu ya Unguja, nayo ni ya mwandishi mwenyewe, na wahakiki watasema jambo hilo linapunguza uzito wa utafiti. Wahakiki hao hawajapata kukaa na shangazi yangu.

Tuanze na dhana yenyewe. Kiswahili kina utajiri wa ajabu kikitazama chini: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, na wapo wanaoteremka hadi kinying'inya. Kikitazama juu kinachoka mapema. Yupo baba, yupo babu, na kutoka hapo kwenda juu wote ni babu. Anayetaka kumbainisha wa mbali zaidi itabidi aunge babu kwa babu mpaka pumzi imwishe. Maana yake ni kwamba msamiati wetu wa ukoo haukutungwa na sisi tulio hai. Umetungwa na mzee aliyekaa ngazi ya juu kabisa, akivihesabu vichwa vinavyoteremka, na sisi huku chini hakutuachia neno la kumwita yeye. Tena tazama anavyotuita. Kitukuu, kilembwe: kwa umbo tuko KI-VI, pamoja na viti na vijiko. Sarufi ilituonea huruma ikatupa upatanisho wa watu, kwa hiyo naweza kusema, bila kuvunja kanuni, kwamba babu tunayemjadili hapa mimi ni kilembwe wake.

Aliishi Unguja katika karne ya 19. Jina lake sitalitaja, kwa ajili ya amani: zipo rai tatu juu ya jina hilo, na wenye rai mbili hawasemezani tangu hitima ya mwaka juzi.

Ngeli ya A-WA ndiye babu wa masimulizi, na sifa yake kuu ni kwamba wingi wake hukua kwa kusimuliwa. Nilipokuwa mdogo babu alikwenda bara na watu wanne. Nilipomaliza shule walikuwa msafara. Katika harusi ya binamu yangu wa mwisho walikuwa na bendera na ngoma, na Tippu Tip akitangulia mbele. Hapa utafiti umegundua kanuni ambayo naomba iitwe Kanuni ya Shangazi: uhakika wa msimulizi huzidi kadiri tukio linavyozidi kuwa mbali. Ukimuuliza shangazi alikula nini jana, atasema nadhani muhogo. Ukimuuliza babu alikula nini asubuhi aliyopanda jahazi kwenda Bagamoyo, hana shaka hata kidogo. Mkate wa mofa, kwa papa.

Dai kuu la ngeli hii ni Livingstone. Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi wakauchukua mwili mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hiyo ni historia. Uchunguzi wetu unaongeza kwamba hakuna familia ya pwani isiyokuwa na mtu chini ya mzigo ule. Nimewahesabu wabebaji katika harusi na hitima nilizohudhuria mimi tu, na kwa idadi yao hakuna aliyehitaji kupiga hatua: wangejipanga mstari mmoja kutoka Chitambo hadi baharini, wakampokezana marehemu mkono kwa mkono kama ndoo za maji nyumba ikiungua. Babu yetu hakutosheka na Bagamoyo. Yeye, kwa mujibu wa ami yangu, alimfikisha Livingstone mpaka London, akasimama kaburini, akapewa koti. Koti halijaonekana.

Ngeli ya KI-VI ni babu wa vitu: kisu, kikombe, kifuko. Watu huiamini sana kwa kuwa kitu hushikika, na hapo ndipo penye hatari. Kwenye kasha la shangazi kimo kifuko cha ngozi, na ndani ya kifuko mna riale moja ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene na mwaka 1780. Kwa ushahidi huo tawi la ami limethibitisha kwamba babu alizaliwa 1780. Baba yake angeiweka riale ya mwaka ule kwa sababu gani nyingine? Mwanamke yule ni Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwaka huohuo. Riale zenye sura yake zilipendwa mno na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu, na kwa kuwa mteja hakutaka zibadilike hata nukta, ziliendelea kupigwa karne nzima na zaidi, zote zikiandikwa 1780. Iliyopigwa juzi na iliyopigwa enzi ya Napoleon zinasema mwaka mmoja. Nilimweleza ami haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama wakati huo nilikuwapo mimi au ilikuwapo riale.

Mwaka wenyewe, pamoja na mwezi, mti na msahafu, uko U-I, ngeli ya wenye moyo wa hesabu. Ndani ya gamba la msahafu wetu imeandikwa kwamba mtoto fulani amezaliwa usiku wa Ijumaa, Mfunguo Saba. Mwaka haukutajwa, kwa sababu aliyeandika alikuwa anaujua. Usiku wa Ijumaa, kumbuka, ni ule ambao watu wa ofisini wanauita Alhamisi usiku, maana siku yetu huingia na magharibi. Kwa hiyo vyeti vilivyokuja kuandikwa baadaye vimechelewesha kuzaliwa kwa nusu ya ukoo. Halafu mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na mzee aliyeishi miaka 100 ya Kiislamu ameishi 97 tu ya kizungu. Babu, ambaye kwa masimulizi aliishi miaka 120, anashuka hadi 116. Shangazi alilikataa punguzo hilo kama mwenye duka anayeambiwa bei ya kutupa.

Kalenda ambayo ukoo unaiamini kweli ni ya misiba. Babu alizaliwa mwaka wa tufani: hilo halina mjadala. Tufani iliangusha mikarafuu ya babu: hilo nalo halina mjadala. Tufani inayojulikana ni ya Aprili 1872, Mfunguo Tano 1289, iliyolaza chini sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikicheka. Mkarafuu huchukua kama miaka saba kabla ya kuanza kuzaa. Tunaye basi mtoto mchanga, hajatolewa hata arobaini, na tayari ana shamba lililokomaa. Nililiweka tatizo hili mbele ya shangazi jinsi lilivyo. Aliendelea kuchambua mchele.

"Basi zilikuwa tufani mbili," akasema.

Ngeli ya I-ZI tunaipita haraka. Ndimo zilimo hati, habari na tarehe, maneno yasiyotofautisha umoja na wingi, na mtafiti akiambiwa "tarehe ipo" ajiandae kukuta nne.

Tuje kwenye ngeli ya LI-YA, ambayo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Tulifundishwa kwamba haina mpangilio, kwamba imekusanya macho, matunda na magari ovyo ovyo. Nathubutu kupinga. Tazama waliomo: jina, shamba, deni, kaburi, kasha. Hayo ni maisha ya babu, tena kwa mfuatano wake. Kaburi halitatuchukua muda. Halina maandishi, tulikuwa tukilitambua kwa mwembe, na mwembe umekatwa. Yaliyobaki yote yamo ndani ya kasha, kasha la njumu la shangazi, ambalo ufunguo wake hulala naye.

Mlikuwa na hati mle. Kila Idi pili ilitolewa, ikafunuliwa nusu, ikaonyeshwa watoto kwa mbali wasije wakaitia mafuta ya sambusa: hati ya shamba la babu, Bububu, kwa Kiarabu, ina muhuri. Niliomba mara nyingi isomwe. "Ya nini kuisoma?" shangazi alikuwa akisema. "Tunaijua." Aliyewasomea zamani alikuwa baba yao, aliyefika juzuu ya kumi akaacha. Aliliona jina la babu, akaliona neno bei, akaliona shamba, akamalizia mwenyewe.

Hata jina la mahali lilikuwa na kesi yake. Hati za zamani ni za Kiarabu, lakini majina ya mashamba ni yetu, na waandishi wa wakati ule hawakuwa na herufi za kutosha kinywa chetu. Be moja ilibeba b, ikabeba p, ikabeba na mb. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma Bububu, Pupupu, au Mbumbumbu, na binamu yangu mmoja, ambaye hana heshima, alishikilia hii ya mwisho. Mwingine akasema hati ni ya kughushi, kwa kuwa Bububu ni sauti ya garimoshi, na reli ya Bububu ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wengi Unguja watakuambia hivyo. Lakini Salme, binti wa Sayyid Said, alichapisha kumbukumbu zake 1886, na Bububu imo, imetulia, inangoja reli.

Mwishowe shangazi alikubali. Nadhani alichoka na mimi. Tukamwita mwalimu wa chuo, mzee ambaye Kiarabu chake hakina mchezo, tukampa kahawa na kitambaa cha kufutia miwani. Alisoma kimya mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena.

"Bi mkubwa, karatasi hii mmekaa nayo tangu lini?"

"Tangu mwenyewe yuhai."

"Imeandikwa bei."

"Ndiyo. Alilinunua."

"Aliliuza."

Hapa sarufi yetu inahitaji kusimama. Ilikuwa ni bei khiyari, na wazee wa Unguja wanaijua hata kama wanajifanya wameisahau. Kisheria ni kuuza. Kwa maisha ni kuweka rehani. Mwenye shamba humuuzia mwenye fedha kwa riale kadhaa, akijiwekea khiyari ya kulirudisha kwa bei ileile kabla ya muda waliopatana. Huku nyuma anabaki palepale, anapalilia palepale, anachuma palepale, ila sasa analipa ijara kwa shamba lililokuwa lake. Riba haikutajwa popote. Ilikuwa imevaa kanzu ya ijara, inaswali safu ya mbele. Muda ukipita fedha hazijarudi, bei inakuwa bei kweli. Baada ya tufani wenye mashamba wengi walipita njia hii, maana miche ilitaka miaka saba na tumbo halijui kusubiri.

Hati ile ni ya siku za mwanzo za Mfunguo Sita 1291. Nilizigeuza siku hizo kwa kalenda ya jua usiku uleule, nikacheka peke yangu gizani. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na mtu wa msafara ule aliyesafiri na jeneza mpaka huko alikuwa Jacob Wainwright. Tarehe 18 Aprili 1874 ndiyo siku ambayo Mfunguo Sita wa 1291 ulikuwa unaandama. Wakati Waingereza wanamteremsha Livingstone kaburini, babu yetu, mbebaji wake mwaminifu, mwenye koti, alikuwa Unguja amekaa kitako mbele ya mwenye fedha, anauza shamba.

Nilikwenda baadaye Nyaraka za Taifa, Kilimani, kunakohifadhiwa karatasi nyingi za ubalozi wa Uingereza wa enzi ile, na nikajifunza kuwasoma mababu wa watu wengine. Wote wanafanana. Hakuna aliyeandikwa siku aliyocheka, wala siku aliyotunga jina la mtoto. Wanaingia kwenye karatasi wakiwa wamekopa, wameshitakiwa, wamesimamia ushahidi wa jirani, wamekufa na kuacha cha kugawanywa. Sisi tulio wa damu yake tuna mkate wa mofa na papa. Mdai wake ndiye aliyemkumbuka vizuri: jina, baba yake, mipaka ya shamba upande wa kibla na upande wa njia, mwezi, mwaka, mashahidi. Kama leo ninaye babu mwenye tarehe, nimepewa na mtu aliyekuwa anamdai.

Kasha lilikuwa na karatasi ya pili, nyembamba, ambayo haikuwahi kuonyeshwa Idi. Mwalimu alipoiona alimtazama shangazi kwanza. Ilikuwa ya mirathi, mwaka 1310, yaani 1892 au 1893. Wake wawili, na thumni yao ya kugawana. Watoto wa kiume watatu, mafungu sawasawa. Wawili wa kwanza mama zao ni wale wake wawili. Wa tatu, ambaye ndiye sisi, mama yake ametajwa kwa jina moja kavu, bila binti ya fulani mbele yake, jina la namna ya Faida na Zawadi, ambalo mtu hupewa na aliyemnunua.

Utumwa, uhuru, uungwana: hiyo ni ngeli ya U isiyo na wingi. Kwetu haikuwa na umoja pia. Haikutamkwa. Kazi yote ilifanywa na ngeli ya mahali, na hapa nawaomba wanafunzi wa sarufi wasogee karibu, maana sijaona mfano bora wa PA-KU-MU. PA ni mahali dhahiri. Babu, katika masimulizi, alitoka pale Hadhramaut, na husemwa hivyo na watu ambao hawajafika Hadhramaut, kwa kidole, kama vile ni pale dukani. KU ni mahali pasipo dhahiri. "Bibi yenu alitoka kule." Kule wapi, shangazi? "Kule." Hakuwahi kukaa darasa la sarufi, wala hakuwahi kukosea kiambishi hicho hata mara moja katika miaka yote niliyomuuliza.

Sheria ilikuwa hivi: suria akimzalia bwana wake mtoto, hauzwi tena, na bwana akifa yeye ni huru, mtoto ni huru tangu tumboni, anarithi kama nduguze. Siku aliyokufa babu, mtoto alirithi riale na mama akarithi nafsi yake. Amri ya Sultani Hamoud ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba ilikuja Aprili 1897, na masuria iliwaacha nje mpaka 1909. Bibi yetu hakuingoja. Waliookolewa majahazini na kupelekwa kwa wamisionari Mbweni waliandikwa kwenye vitabu vya ubatizo, na baadhi ya vilembwe wao wanaweza kukuonyesha siku. Bibi hana siku. Ana MU, ngeli ya ndani. Upo wimbo wa kumlaza mtoto ambao shangazi aliupokea kwa bibi yake, na huyo kwa mkwewe. Maneno yake si ya Kiswahili na hakuna nyumbani anayeyafahamu. Sote tumelala kwa wimbo huo.

Shangazi hakusema lolote juu ya karatasi ya pili. Aliikunja kwa mikunjo yake ya zamani. Akaichukua na ile ya bei, akaigeuza ili aikunje, na hapo akaona kwamba nyuma ina maandishi. Miaka yote tulikuwa tukitazama uso.

"Mwalimu. Na huku?"

Mwalimu akaisogeza kwenye taa. Ni ijara, akasema, mpokeaji anaandika alichopokea. Mwaka wa kwanza imefika. Mwaka wa pili imefika. Mwaka wa tatu imefika baadhi, zimebaki riale saba.

"Zimebaki wapi?"

"Kwake. Hakumaliza."

"Akamaliza baadaye?"

"Karatasi imeishia hapa, bi mkubwa."

Nilijaribu kusaidia, kwa lugha ya utafiti. Nilisema shamba lenyewe lilikwenda, kwa hiyo mwenye fedha hakupata hasara. Nilisema imepita karne na nusu. Nilisema warithi wa yule mdai hatuwajui walipo, Unguja, Mumbai au Kanada. Mwalimu alikuwa ametazama chini. Sote mle chumbani tulijua maiti anavyofungwa na deni lake, na shangazi alijua kuliko sote. Alinyanyuka, akaliendea kasha, akarudi na kifuko cha ngozi. Akaitoa ile riale, akaiweka juu ya karatasi, Maria Theresa akitazama pembeni na 1780 yake.

"Basi zimebaki sita," akasema.